Waliomchimbia Afande Kaburi

Sitataja jina la kijiji, wala la baba mdogo, wala la mtu yeyote aliyekuwepo siku ile. Sababu itaonekana yenyewe mbele ya safari. Ninachoweza kusema ni kwamba ni upande wa Shinyanga, mahali ambapo mawe makubwa yamepandana kana kwamba mtu alianza kuyapanga halafu akaitwa kula. Nyuma ya nyumba ya marehemu bibi, chini ya mawe hayo, kuna kaburi. Ukilitazama leo utaona saruji, msalaba na mbuzi wawili watatu wanaopenda kulala juu yake mchana. Mimi nililiona kabla halijafunikwa, na tangu siku hiyo kila ninapoingia kanisa kubwa watu wakasifia kuta zake, hunyamaza tu.

Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuwa koplo wa polisi. Miaka yake ya mwisho alikaa kituo kidogo cha machimboni, upande wa Rwamgasa, nyumba ya vyumba viwili na mwarobaini mmoja. Mkewe, mama mdogo, alikuwa akipika uji na maandazi na kuwauzia wachimbaji hatua chache kutoka kituoni, kwa hiyo asubuhi mtu aliweza kutolewa mahabusu na mume, akapita kunywa uji kwa mke. Wakati wa likizo nilikuwa nakwenda kukaa nao. Makarasha yalisaga mawe kutwa, na vumbi lake jeupe lilikaa kwenye kope za watu hadi wote wakaonekana wazee.

Huko ndiko nilikojua kuhusu duara na maneno yake. Duara ni shimo la kwenda chini, jembamba kama mlango, refu kuliko mnazi. Mdomoni kuna miti miwili iliyosimamishwa na gogo lililolazwa juu yake, na kamba imezungushwa kwenye gogo. Mtu hushushwa kwa kamba hiyo, na mwenzake hubaki kuishika. Hakuna anayeshuka kabla wa juu hajasema, "Nipo juu." Na wa chini akishakanyaga, hujibu, "Sawa." Kabla sawa haijafika, wa juu hafanyi jambo jingine lolote. Haondoki, hawashi sigara, hageuki kumtazama apitaye. Nilimwona mmoja akipandwa na siafu mpaka magotini, anacheza dansi pale pale alipo, machozi yanamtoka, kamba mkononi, anasubiri sauti itoke ardhini. Ilipotoka ndipo alipotupa suruali na kukimbia, na machimbo yote yakamcheka kwa wiki nzima.

Baba mdogo aliyapenda maneno hayo. Aliyafunga maduara yasiyo na kibali, alikamata watu, aliamulia ugomvi wao wa ngumi usiku wa mwisho wa mwezi, lakini maneno yao aliyachukua akayafanya ya nyumbani. Nikienda msalani jioni, nje huko nyuma ya kituo, alisimama njiani na tochi na kusema, "Nipo juu, binti." Nisipojibu sawa, haondoki.

Aliuawa alasiri moja, jua likiwa kali. Majambazi wenye bunduki walivamia machimbo wakitafuta watu wa duara moja lililokuwa limeanza kutoa mawe mazuri. Watu walikimbia kila upande. Aliyeshika kamba naye alikimbia, na chini wakabaki watu sita. Majambazi waliamini dhahabu iko nao humo chini, wakawaambia waitoe, la sivyo wangekata kamba na kuporomosha kifusi. Baba mdogo na mwenzake mmoja walifika kwa pikipiki. Mwenzake alipigwa risasi ya paja mapema, akaangukia kwenye mfereji. Baba mdogo alitambaa hadi kwenye lundo la kifusi lililo mdomoni mwa duara, akabaki hapo.

Wale sita hawakuona lolote. Walikuwa na kipande cha mbingu kisichozidi sinia. Walisikia milio, wakasikia buti juu ya mbao za mdomoni, halafu wakasikia sauti waliyoijua, kwa maana ilikuwa imewafokea mara nyingi. Ilisema, "Kaeni hukohuko. Nipo juu."

Mmoja wao akajibu, "Sawa." Aliniambia baadaye kwamba hakufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe.

Milio iliendelea kwa muda ambao kila mmoja wao anausimulia kwa urefu wake. Kisha pikipiki za majambazi ziliondoka, na walipopandishwa walimkuta ameketi, mgongo umeegemea mti wa kamba, kofia imeanguka. Kamba ilikuwa haijakatwa.

Nilitoka Dar es Salaam kwa basi, nikafika kijijini nikakuta ugomvi wa jiwe.

Mama mdogo alikuwa amesema mumewe atalazwa nyuma ya nyumba, kando ya mama yake. Baba mdogo mwenyewe alikuwa amepasafisha mahali hapo likizo iliyopita na kupanda minyaa kuzunguka. Lakini vijana wa kijiji walipochimba, walifika magotini tu wakagonga mwamba. Majembe yalirudi yamepinda midomo. Mwili ungefika kesho yake mchana na wakubwa wa polisi, na jua lilikuwa linazama. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole anayependa mambo yaishe, alikuja na wazee kwenye mkeka wa wanawake.

"Mama, tushuke mbugani, kwenye shamba la pamba," alisema. "Udongo mweusi ule, saa moja tumemaliza."

"Mbugani masika maji yanasimama," mama mdogo alisema.

"Yanakauka."

"Mimi niliolewa na mtu, mwenyekiti. Sikuolewa na kambale."

Wanawake walijificha nyuso kwenye kanga. Mwenyekiti alikohoa. "Jiwe halina masikio, mama."

"Basi nitakaa nalo hadi yaote."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, nami nilimtazama mikono. Ilikuwa imeshikana mapajani. Alikuwa amehamishwa na kazi ya mumewe kituo hadi kituo tangu wameoana, akiacha kila mara bustani ya mchicha ikianza kuota. Mahali hapo nyuma ya nyumba ndipo mahali pekee ambapo yeye na mumewe walikuwa wamekubaliana kwamba hawatahama tena. Wazee waliondoka wakisema asubuhi itaamua.

Asubuhi ilikuja Fuso, lori la mizigo. Ilisimama barabarani kwa sababu njia ya kwetu ni ya ng'ombe, na wale sita wa duara waliruka kutoka nyuma, weupe kwa vumbi, wamebeba nyundo na moko, yale machuma marefu ya kupasulia mwamba.

"Mwangaluka," alisema aliyetangulia, mtu mfupi mwenye mabega ya ng'ombe wa plau. Alisalimia Kisukuma kwa lafudhi ya Kigoma, na watoto wakacheka.

Kijana mmoja wa kijiji, aliyekuwa bado na hasira za jembe lake, aliwatazama moko zao. "Nyie si ndio aliokuwa anawakamata? Mmekuja kuhakikisha?"

"Mimi kanikamata mara mbili," mfupi alisema. "Ya pili nilikuwa nimestahili. Jiwe lenu liko wapi?"

Hawakupumzika. Walilizunguka lile shimo la magotini, wakaligonga hapa na pale kwa nyundo ndogo, wakisikiliza kama daktari anavyogonga kifua. Kisha wakaanza. Mmoja alishika moko, mwenzake akapiga, wa tatu akatoa kifusi, wakabadilishana bila kuambiana. Mwamba uliowashinda vijana wetu ulianza kutoka kwa vipande, kisha kwa mabamba. Kijiji kizima kilisogea kutazama. Aliyekuwa na hasira aliondoka, akarudi na ndoo, akaanza kubeba kifusi.

Mimi nilipewa kazi ya maji na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kila niliposhusha sinia, kaburi lilikuwa limekwenda chini zaidi, na kuta zake zilinifanya nisimame. Zilikuwa zimenyooka hivi kwamba kivuli cha ukingo kilianguka chini kama kimechorwa kwa rula. Hakuna aliyekuwa amewaambia wanyooshe. Mfupi alikuwa akipitisha kiganja ukutani, akikuta kinundu anakirudia, kwa upole, kama anayemtoa mtu mwiba.

Jua lilipofika utosini watu walikuwa wamekwenda kula. Nilibaki mimi na dumu la maji. Kaburi lilikuwa tayari limetosha, mwenyekiti alikuwa ameshasema limetosha, lakini wao waliendelea. Baadaye nilielewa kwamba mikono yao ilikuwa imeshaona jambo kabla yao. Mwamba ulikuwa umebadilika rangi, na mtu wa machimboni mwamba ukibadilika rangi hajui kusimama. Nyundo ziliendelea kidogo, zikapungua, zikanyamaza.

Nilichungulia. Kwenye sakafu ya kaburi, kutoka kona hadi kona, ulipita mshipa wa jiwe jeupe, mpana kama kiganja. Mfupi alikuwa ameokota kipande chake. Alikilamba, akakiinamisha upande wa jua, akakigeuza, akampa mwenzake. Kilizunguka mikono yote sita. Aliyekuwa karibu nami alikishika juu kidogo, na ndani ya ule weupe nikaona punje, na punje nyingine, za manjano yasiyong'aa, yaliyotulia.

Nimelala machimboni nikiwa mtoto. Nilijua ninachokiona, na nilijua kinacholetwa nacho. Huko wanauita mfumuko: habari ikitoka, kabla wiki haijaisha kuna maelfu ya watu, turubai, makarasha, na kila jiwe la mahali hapo limegeuzwa, hata lililo chini ya kitanda cha mwenye nyumba. Hata lililo chini ya maiti.

Mama mdogo alitokea nyuma yangu. Nadhani aliletwa na ule ukimya wa nyundo.

"Kuna nini humo?"

Mfupi alinyoosha mkono, akampa kile kipande. Mama mdogo aliyewauzia uji miaka yote ile alikilamba kama wao, akakiinamisha juani kama wao.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo yenyewe, mama."

Aliwatazama mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na buti zilizofungwa kwa waya. Mwingine alikuwa na jicho lililopofuliwa na kipande cha jiwe zamani. Watu hawa hulala chini ya ardhi miezi mizima wakitafuta alama kama ile, na wengine hufa hawajaiona. Sasa walikuwa wamesimama juu yake kwa miguu yao. Naye alikuwa mjane wa siku nne.

"Nilitaka asihamishwe tena," alisema. "Hicho tu."

Mfupi alichukua kipande kutoka mkononi mwake. Akainama, akatafuta mahali kilipotoka, akakirudisha hapo hapo, akakigonga kwa kisigino cha nyundo kikakaa. Wenzake walimtazama, kisha wakaanza kukusanya vipande vingine, kila kimoja, hata vidogo kama kucha, wakavirudisha. Mwenye buti za waya alikung'uta pindo za suruali yake humo humo kaburini.

"Binti," mama mdogo aliniambia, "kawaite wanawake. Wavunje kile kichuguu cha njiani, walete udongo na maji. Sitaki alale juu ya mawe, nataka sakafu."

Wanawake walileta udongo wa kichuguu kwa beseni, wakautua mbali kidogo na ukingo, wakinong'ona kwamba huzuni imemfanya mwenzao atake kukandika kaburi kama jiko. Wale sita waliukandika kwa mikono, wakausugua kwa jiwe laini hadi ukang'aa mwekundu. Watu waliporudi kutoka kula waliona sakafu nzuri kuliko za nyumba zao. Hakuna aliyeona kingine.

Mwili ulifika alasiri, jeneza limefunikwa bendera, buti za askari zinagonga pamoja kwenye njia ya ng'ombe. Mkubwa wao alisogea kukagua kaburi. Alitazama kuta, akatazama sakafu, akavua kofia.

"Nani amechimba hapa?"

Watu waliwanyooshea vidole. Mkubwa aliwakazia macho. "Hawa nawafahamu."

"Leo tuna kibali, afande," mfupi alisema.

Kicheko kilipita juu ya msiba, kidogo, kama upepo juu ya mtama. Hata mkubwa alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Risasi za heshima zilipigwa, ng'ombe wakakimbia mbali kule mbugani. Bendera ilikunjwa, mama mdogo akaipokea. Mchungaji aliomba. Jeneza liliposhushwa, askari waliachia kamba, na kijana wa jembe alishika koleo la kwanza.

"Ngoja," alisema mfupi.

Wale sita walisogea hadi ukingoni, wakapiga goti. Mfupi aliinama juu ya shimo, akazungumza kwa sauti ya kazi, ile ya kufika chini.

"Afande. Tupo juu."

Kisha wakasubiri. Askari hawakuelewa walichokuwa wakisubiri, wala mchungaji, aliyekuwa ameinua kitabu chake nusu. Lakini hao sita hawakusogea, kwa maana wa juu hasogei kabla wa chini hajajibu. Jua lilikuwa limekaa juu ya mawe. Watu mia kadhaa na hakuna hata kikohozi, na watu sita wakiinamia jibu lisiloweza kuja, na najua wangeinama hapo hadi giza.

Mama mdogo aliweka bendera mikononi mwangu. Akaenda akasimama kati yao, akatazama chini.

"Sawa," alisema.

Ndipo waliponyanyuka, wakachukua makoleo kwa vijana, wakaanza kufukia wenyewe.