Golini, King'ora Kinapolia

Mara ya kwanza nilipomwona, mpira ulikuwa umesimama na wachezaji wote walikuwa wamekaa chini kwenye vumbi. King'ora cha mgodi kilikuwa kimelia. Kule Musonoi, mtaa wa Kolwezi, kiwanja kiko karibu na shimo kubwa la shaba, na king'ora kikilia watu wanajua kwamba baada ya kitambo kidogo tu baruti italipuka. Mwamuzi anapuliza filimbi, kila mtu anangoja ardhi itikisike na itulie, kisha mchezo unaendelea. Wageni ndio wanaoshangaa.

Nilikuwa nimetandaza turubai langu pembeni, nikiuza godasi, viatu vya mpira vilivyokwisha kuchezewa nchi za watu na kutufikia ndani ya marobota. Ndipo mtoto wa kike wa miaka kama sita akachomoka kwenye benchi la akiba, akakata kiwanja mbio, kandambili moja ikimtoka mguuni. Hakuna aliyemzuia. Alifika golini. Kipa, mwanaume mrefu ambaye masharubu yake yalikuwa yameanza kuota mvi, akapiga magoti, akampokea, akamziba masikio kwa glavu zake mbili. Ardhi ikagonga chini yetu. Vumbi likapanda upande wa shimo, jekundu, likasimama angani kama ukuta. Kipa hakugeuka kuliangalia. Alikuwa akimwimbia mtoto kwa midomo, na mtoto asiyesikia kitu alikuwa akisoma wimbo ule usoni mwa baba yake na kutikisa kichwa.

Nimezunguka sana. Nimeliona ziwa Tanganyika likiwa na hasira, nimeyaona maporomoko yanayotoa moshi kule Zambia. Lakini pale pembeni ya kiwanja nilisahau mteja aliyekuwa ameshika kiatu mbele yangu.

"Na mama yake?" nilimwuliza mwanamke aliyekuwa akiuza karanga kando yangu.

"Mama yake alienda Kinshasa kutafuta maisha. Aliipata, akabakia nayo." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sasa ule tata kule golini njo baba, njo mama, njo gardien wa timu. Jiwe ya mine iliangukaka juu ya nyumba yao, ikatoboa bati. Tangu siku ile, mutoto akisikia king'ora anakimbia mpaka kwa baba yake. Hata kama iko mu mechi."

Mchezo ulipokwisha kipa alinijia mwenyewe, mtoto akiwa mabegani.

"Mama, uko na glavu?"

Nilikuwa na moja nyeusi na moja ya kijani, zilizotoka katika robota moja bila kujuana. Akazivaa, akakunja vidole.

"Hizi si ndugu," akasema.

"Tata, mpira hauangalii rangi."

"Mpira hapana. Lakini batu ya Kapata batanicheka."

"Mi ni wa Kapata," nikamwambia. "Nimekwisha kukucheka. Sasa lipa."

Alicheka mpaka mtoto akashika nywele zake ili asianguke. Glavu zake za zamani, zilizokuwa zimechanika viganjani, alimpa binti yake palepale. Toka siku ile mtoto alizibeba kila mahali, zikiwa zimefungwa pamoja shingoni kwa kamba ya kiatu.

Mimi sikuwa mtu wa kukaa. Nilizaliwa Kapata, upande mwingine wa Kolwezi, katika zile nyumba za kampuni ya mgodi zilizopangwa safu kwa safu, nikasoma mpaka nikamaliza sekondari, halafu miguu ikanichukua: Likasi, Kasumbalesa, Ndola, Kalemie. Kila mji niliukuta mzuri na kila mji niliuacha, na nikiwa mbali nilikuwa nikiulilia ule nilioutoka. Kolwezi nilikuwa nimerudi kumaliza marobota yangu tu. Nilikuwa nimekwisha kuongea na dereva wa lori anipeleke Solwezi, Zambia.

Lakini kila Jumapili nilijikuta Musonoi mapema kuliko biashara ilivyotaka. Asubuhi ya mechi kipa alikuwa akimsuka mtoto nje ya mlango wao, mtoto ameketi katikati ya magoti yake juu ya kigoda. Mikono ile niliijua: niliiona ikidaka mipira iliyopigwa kama mawe. Sasa ilikuwa ikigawa nywele kwa ncha ya kitana, mstari baada ya mstari, umenyooka kama njia za Kapata. Wanawake waliopita walimtupia maneno.

"Tata, mutoto mwanamuke halelewi na mwanaume! Umutume kwa nkambo, bibi yake, kule Kasai!"

"Nkambo iko muzee, hawezi kumukimbiza," alijibu bila kuinua macho.

"Na weye?"

"Mi njo anakimbilia."

Nikakaa kwenye tofali karibu nao, nikamshikia nyuzi. Hakuniomba, wala hakuniambia niache. Vidole vyetu viligusana kwenye nyuzi mara nyingi kuliko nyuzi zilivyohitaji. Katika umri wangu nilidhani moyo umekwisha kujua njia zake zote.

Mwisho wa msimu wakubwa wa timu walimwita. Ilibaki mechi moja, ya kuamua nani apande daraja, na ingechezwa pale pale Musonoi. Lakini mwamuzi angetoka mbali, na barua ya ligi ilisema mtu yeyote asiye mchezaji akiingia kiwanjani, hata mpira ukiwa umesimama, timu yake imepoteza. Wakubwa walimwambia kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi: mtoto akiingia siku hiyo, yeye atatoka golini moja kwa moja. Au ampandishe treni ya Kasai kabla ya mechi, amlete akikua.

Alinieleza hayo akiwa amesimama mbele ya turubai langu, glavu moja nyeusi na moja ya kijani chini ya kwapa.

"Sitamutuma," akasema. "Siku ile, utamushika?"

"Nitamshika."

"Anaumaka watu, akishikwa."

"Mi pia."

Hakucheka safari hii. Aliniangalia tu, na mimi, ambaye lori la Solwezi lilikuwa linaningoja, niliangalia chini nikapanga viatu vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

Siku ya mechi watu walikuwa juu ya kuta, juu ya pikipiki, juu ya lundo la udongo wa mgodi. Tulikaa nyuma ya mstari upande wa goli lake, mtoto mapajani mwangu, mikono yangu imemzunguka tumboni. Nilisikia moyo wake kama wa kuku aliyekamatwa. Tulikuwa tunaongoza bao moja. Karibu na mwisho beki wetu akamwangusha mtu ndani ya eneo la hatari, na yule mwamuzi mgeni akaonyesha kidole: penalti. Mpira ukawekwa. Kipa akasimama kwenye mstari wake, akapanua mikono, mmoja mweusi na mmoja wa kijani.

Na king'ora kikalia.

Mwamuzi alikuwa ameelezwa. Akapuliza filimbi, wachezaji wakakaa chini. Kipa peke yake alibaki wima, mgongo wake kwetu. Hakugeuka. Nilijua kama angegeuka na mtoto akamwona uso, hakuna mikono ambayo ingemzuia.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mengi, ila si kwa king'ora chenyewe. Nilipokuwa mtoto, king'ora kiliita mwisho wa zamu. Kikilia, sisi watoto wa Kapata tuliacha kila tulichoshika, tukakimbia mpaka barabarani kuwapokea baba zetu, na wangu alikuwa akiniacha niingize mkono katika mfuko wa koti lake, ambamo siku zote kulikuwa na kipande cha mkate alichokihifadhi. Baba amekwisha kufa. Hata kampuni yake si ile. Lakini sauti ile ilishuka juu ya kiwanja, ndefu, na miguu yangu ikataka kukimbia. Macho yangu yalijaa. Mikono ikalegea kabla sijajua kwamba imelegea.

Mtoto akajitoa, akasimama. Kati yake na goli hakukuwa na mtu.

"Kaa hapa," nilisema.

Akageuka. Akaniona ninavyolia. Akanitazama kwa makini sana, kama baba yake alivyotazama glavu zile mbili siku ya kwanza.

"Mama wa godasi," akasema, "weye unaogopaka?"

Sikumsahihisha. Nikaitikia kwa kichwa.

Aliangalia golini. Aliniangalia mimi. Niliona uso wake mdogo ukihangaika, na hakuna kitu nilichoweza kumsaidia. Kisha akafungua kamba shingoni, akaingiza mikono katika zile glavu kuukuu zilizomfika karibu na viwiko, akapiga magoti mbele yangu, akaniziba masikio.

Dunia ikawa kimya. Nilisikia harufu ya mpira mkavu, vumbi na jasho la baba yake. Karibu na macho yangu midomo yake ilikuwa ikienda, akiniimbia ule wimbo usiosikika. Ardhi ilipogonga, alifumba macho yake mwenyewe kwa nguvu, mwili mzima ukaruka, lakini mikono haikuondoka. Mtoto aliyeogopa kuliko watu wote wa Musonoi alikuwa amenibebea hofu yangu, na hata haikuwa hofu.

Penalti sikuiona. Filimbi sikuisikia. Nilijua tu kwamba kipa ameuokoa kwa sababu nyuma ya kichwa cha mtoto niliona watu wakianguka kutoka juu ya kuta, mwanamke wa karanga akirusha sinia lake juu, na mpira ukiviringika peke yake mbali na goli. Ndipo mtoto akanifungulia masikio.

"Imekwisha," akaniambia. "Unaona? Haiumake."

Baba yake alikuja kwetu baada ya filimbi ya mwisho, watu wakimvuta kila upande. Alisimama mbele yetu. Mtoto akatangulia:

"Tata, huyu mama anaogopaka sana. Haiwezi kukaa yeye moja."

"Kweli?" akauliza. Hakumwuliza mtoto.

"Kweli," nikasema.

Mwanamke wa karanga, aliyekuwa akiokota karanga zake miguuni mwetu, akapiga kigelegele mpaka wengine wakaja kuuliza kuna nini.

Lori la Solwezi lilipita bila mimi. Nililisikia likibadilisha gia kwenye kilima, na miguu ikaniwasha, sikatai, inaniwasha bado. Lakini siku hizi king'ora kikilia, niwe sokoni Dilala au kisimani, natua chini nilichobeba, nasimama palepale. Kama mtoto yuko karibu, haupiti muda nasikia kandambili zinakuja mbio, moja ikigonga na nyingine imekwisha kutoka mguuni.