Ganda la Maji ya Baridi

Nina kibanda cha shanga Mwenge, jirani na Mzee Kasimiri, mchongaji kutoka Newala. Mzee huyu hakosolewi kazi yake na mtu, kwa hiyo siku binti yake Yustina alipomkosoa, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Yustina alikuwa chuo kikuu, anasoma tope la chini ya bahari. Humo kuna maganda ya vidudu vilivyokufa zamani mno, kila moja dogo kuliko punje ya chumvi. Aliyachambua kwa brashi chini ya hadubini, tabaka kwa tabaka, ajue bahari ilikuwaje enzi hizo. Baba yake hakuelewa sana, lakini alimchongea ganda moja la mninga, kubwa kama boga, akalioneshe siku ya kutetea utafiti wake.

"Baba, umeligeuza," Yustina alisema. "Likizunguka kushoto ni la maji ya baridi. La kwangu la maji ya joto, linazunguka kulia."

"Kitu chenyewe hakionekani, utajuaje kimegeukia wapi?"

"Si ndiyo kazi yangu hiyo!" Akachukua penseli ya baba yake, akachora mshale juu ya ganda. "Huku. Na usichelewe, nyie wachongaji mnachelewaga."

Kasimiri akaanza jingine. Yustina alikuwa na selimundu tangu utotoni. Tulishazoea analazwa, anarudi. Safari hii hakurudi. Nilimkasirikia kila mtu, hata Mungu, na sijamaliza.

Baada ya mazishi mzee alilimalizia lile ganda jipya, kila mara akisimama kuutazama mshale kwenye lile la kwanza. Tukalipeleka chuoni pamoja. Dokta Rosalia, mwalimu wa Yustina, alilizungusha mikononi akalia. Akaomba na lile lililokosewa, wanafunzi wake waone tofauti ya baridi na joto.

"Hilo niachie, Dokta," Kasimiri alisema.

Liko kibandani kwake mpaka leo. Wateja wanashangaa mbona halijapigwa msasa. Hulipapasa kila akipita, na juzi nikamwambia penseli inafutika. Alichukua patasi, akaiweka juu ya mshale ule. Nikadhani atauchonga, usipotee tena.

Akairudisha patasi mezani.

"Nikiuchonga," alisema, "utakuwa wangu."