Sikio na Gari la Mwalimu wa Kwaya

Fundi mmoja wa redio za magari aliitwa Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Madereva ndio waliompa, enzi za ujana wake, alipokuwa anasimama mlangoni pa karakana, gari linapita barabarani, yeye anasema, "Spika ya nyuma kushoto imechanika." Ikifunguliwa, kweli imechanika. Watu walitoka mbali kumfuata. Kibao chake hakikutaja redio wala spika. Kiliandikwa SIKIO, basi, na pembeni sikio kubwa jekundu ambalo mchoraji alisahau kulitia tundu.

Sasa tatizo lilikuwa hili, na wewe usicheke bado: Sikio alikuwa hasikii. Si kila kitu. Honi alisikia, ngoma alisikia, mke wake akimwita kula alisikia vizuri sana. Zilizomkimbia ni sauti nyembamba: mbu, mlio wa simu, na ule mluzi unaotoka kwenye spika injini ikiwaka, ambao ndio uliokuwa unamlisha. Mwaka wa tatu huo anazuga watu. Mteja akileta gari linalolia, Sikio anafumba macho, anainamisha kichwa, anasema, "Ehee, naipata," halafu anagusa nyaya moja moja huku akimchungulia mteja usoni. Mteja akikunja uso, bado. Mteja akitabasamu, imepona. Siku watu wakigundua, ndiyo kazi imekwisha, na hofu hiyo alilala nayo na kuamka nayo.

Asubuhi moja akaingia mwalimu wa kwaya na gari lake dogo la bluu.

"Fundi, gari langu linaimba," akasema. "Nikikanyaga mafuta linapanda, nikiachia linashuka. Na halifiki kwenye noti. Mashindano ni Jumapili, mazoezi ya wanakwaya wangu nayarekodi, nayasikiliza humu garini. Jana nimemtoa dada wa watu mstari wa mbele kwa kupotea sauti. Nimefika nyumbani, nikazima injini, kumbe ni gari."

Sikio akafumba macho, akainamisha kichwa. "Ehee, naipata."

Ila mama huyu uso wake haukuwa na habari yoyote. Miaka thelathini ya kusikiliza watoto wakikosea mbele ya wazazi wao ilimfundisha kutokunja hata nyusi, na juu ya hapo alivaa miwani ya jua. Sikio akashusha sauti ya redio mpaka chini kabisa, maana mluzi ukibaki hapo, redio haina kosa. Akamtazama. Hakuna kitu. Akabadilisha nyaya za nyuma ya redio, akamtazama tena. Ni kama kutazama ukuta. Kijasho kikaanza kumtoka.

Akaona bora ajifiche kwenye buti, ambako amplifaya, ile ya kukuza sauti, ilikuwa imefungwa. "Kanyaga mafuta, Mwalimu!" Injini ikanguruma. Akajikaza kisabuni. "Naam, naisikia hiyo. Kali kweli, inachoma masikio."

"Fundi," akasema mwalimu, "redio nimeizima. Nilikuwa napokea simu."

Sikio akajigonga kichwa kwenye mfuniko wa buti. Ungekuwa wewe ungekiri. Yeye akasema, "Huwa kuna mabaki, Mwalimu. Sauti inabaki kidogo ndani ya spika."

"Inabaki."

"Kama harufu ya vitunguu."

Mwalimu akashuka, akazunguka mpaka nyuma, akavua miwani. "Tangu lini husikii?"

Sikio akakaa kwenye ukingo wa buti. "Mwaka wa tatu. Hakuna anayejua, hata mke wangu. Wakijua, mimi si fundi tena. Ni mzee tu mwenye spana."

Mwalimu hakumpa pole wala nini. "Sauti nene unasikia?"

"Nasikia."

"Basi gari likilia juu, mimi nitaliimba chini. Likipanda napanda, likinyamaza nanyamaza. Fanya kazi."

Akarudi kwenye usukani, akawasha redio, akakanyaga mafuta, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, akaanza: "Iiiiiiii." Kinyozi wa jirani akatoka na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Fundi cherehani akatoka na uzi mdomoni. Sikio akachomoa nyaya zinazotoka kwenye redio, mwalimu akaendelea kuimba. Akashika waya mnene unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye bodi la gari. "Ii, ii, i." Akaukandamiza, kimya. Akauachia, "Iiiiii." Akaukandamiza tena. Mara hii ya pili, tuseme ukweli, ilikuwa ni raha tu.

Akafungua bolti. Chini yake rangi ya bluu inang'aa, haijakwaruzwa hata kidogo. Waya ulikuwa umeng'ang'ania rangi badala ya chuma, ndiyo maana kelele ya alteneta, ile inayochaji betri, ikapata pa kupita.

"Mpumbavu gani aliyefunga hivi?" akauliza mwalimu.

Sikio akatazama utepe mweusi uliozungushwa mara tatu kwenye waya, vile anavyofunga yeye. "Mimi. Mwaka jana."

Akakwaruza kwa msasa mpaka chuma kikatoa macho, akakaza. "Kanyaga." Injini ikanguruma, mwalimu kafunga mdomo. Akakanyaga zaidi. Mdomo umefungwa. Sikio akafurahi mpaka macho yakalowa.

"Sasa huyu mama alikuwa anaimba nini?" akauliza kinyozi.

Mwalimu akamtazama Sikio, akavaa miwani yake. Siri hiyo haikuwa yake kuitoa. Sikio akamgeukia kinyozi.

"Alikuwa ananisikilizia. Sauti nyembamba mimi sizisikii, mwaka wa tatu sasa."

Fundi cherehani akatoa uzi mdomoni. "Tunajua. Magari yako yanaondoka hapa yanalia mpaka kule kona. Mke wako ndiye aliyetuomba tusikuambie, alisema utaumia."

Sikio akasimama na spana yake, akiwaza miaka mitatu ya chakula cha mchana alicholetewa na mke wake hapa hapa, na anavyomwita kula kwa sauti nene.

Lori likaingia. Dereva, jitu la miraba minne, akatoa kichwa dirishani. "Sikio, redio inapiga mluzi hii, hebu isikilize."

Wote wakageuka kumtazama fundi. Sikio akajifuta mikono.

"Mimi siisikii," akasema. "Iimbe."

Dereva akatazama kushoto, akatazama kulia, akakohoa.

"Shuka kwanza usimame wima," akasema mwalimu wa kwaya.