Kengele ya Meli Ndani ya Kiroba

Juzi nilimsindikiza mzee wa Kihindi, muuza vitambaa hapa Singida mjini anayekusanya vitu vya meli za zamani za mvuke. Tulikwenda kwa muuza vyuma chakavu aliyemwekea kengele ya shaba ya meli iliyomleta babu wa mzee huyo Afrika.

"Shikamoo mzee. Mzigo wako tayari," alisema muuzaji, akifungua kiroba.

Ndani kulikuwa na vipande vitupu.

"Umeivunja?" mzee aliuliza, mkono kinywani.

"Nimekurahisishia kubeba!"

Mzee alikaa chini vumbini, akaokota kipande chenye herufi chache za jina la meli, akakifuta kwa shati lake. Tangu hapo nikiagiza kitu nasema kabisa: nakitaka kizima.