Karatasi Niliyomsomea Seremala

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kamembe kwamba seremala wetu amefariki, na kabla ya alasiri tulikuwa tumekwisha kumzika. Wengi wenu hamkumjua, ingawa baadhi yenu mmelala juu ya vitanda vyake na mnafunga milango aliyoiunda. Alikuwa Mwislamu wa maneno machache, mtu wa kupima ubao mara tatu kabla ya kushika msumeno. Mteja akimharakisha, alimjibu kwa upole, "Papa, ubao nikishaukata haurefuke tena." Nimeandika kumbukumbu nyingi katika safu hii nikiwa na huzuni. Hii naiandika nikiwa na hatia, na sina hakika kama ninayo haki ya kuiandika.

Miaka mitatu iliyopita alikuwa akirudi kutoka Nkungu alikokwenda kutazama mbao, amepanda pikipiki ya abiria. Kwenye mteremko, lori lililobeba unga wa kwenda Bukavu lilitokea nyuma yao, honi ikilia bila kukoma. Mwenye pikipiki alirushwa majanini akainuka na michubuko. Seremala alibaki chini ya tairi. Madaktari walimkata mkono wa kulia juu kidogo ya kiwiko, na paja lililovunjika wakalitia vyuma. Siku ya nne nilimkuta kitandani, mkewe akimnywesha uji. Punde akaingia bwana mmoja nadhifu aliyetumwa na mwenye lori, amebeba mchele, sukari na matunda. Alitoa pole kwa sauti ya msibani, kisha akachomoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, za Kifaransa. "Ni ya kuonyesha tu kwamba tulifika," alisema.

Mgonjwa akanigeukia. "Papa, weye ulisoma. Inasema nini? Mimi Kifaransa sijue."

Nilisoma ukurasa wa kwanza: pole nyingi, msaada wa dawa, kumtakia nafuu. Ukurasa wa pili niliupitisha macho tu. Mgeni alikuwa amesimama na kidau cha wino mkononi, nami niliona haya kumsubirisha. Tena nilikuwa na safu hii hii ya kupeleka gazetini kabla ya jioni. "Haina shida," nikasema. Akabonyeza kidole gumba cha kushoto, maana cha kulia hakikuwepo tena.

Miezi miwili baadaye mkewe aliniita nyumbani kwao. Dereva wa lori alikuwa amekuja, mwanamume wa makamo, amepiga magoti sebuleni. "Mzee, unisamehe," alikuwa akisema. "Freni ilikuwa mubaya tangu Kigali, ukikanyaga haishike. Nilimwambia patroni mara mbili. Akasema fikisha mzigo kwanza, tutatengeneza ukirudi. Na mimi nilikuwa siku mbili sijalala." Seremala alimshika bega kwa mkono uliosalia. "Simama, muntu wa Mungu. Ulifukuzwa kazi? Batoto bako banakula nini?" Dereva akalia. Akaahidi kuyasema hayo mbele ya hakimu yeyote.

Basi tukaenda kwa wakili, mama mmoja mwenye miwani mizito. Alitueleza mambo ambayo kila mtu wa barabara ile angepaswa kuyajua. Aliyeumizwa na gari hudai kwa bima ya gari hilo, akiwa na ripoti ya polisi na cheti cha daktari kinachosema ulemavu wake ni wa kiasi gani. Bima ikimzungusha, huenda mahakamani. Hata gari likikimbia lisijulikane, upo mfuko maalumu wa kuwafidia waathirika. Asiye na uwezo huomba msaada wa kisheria wilayani bila kulipa. Ila madai yana muda wake, na mwenye kukaa kimya hupitwa. Tulianza kutabasamu. Ndipo akaomba kuiona nakala ya ile karatasi tuliyoachiwa hospitalini.

Ukurasa wa pili aliusoma kwa sauti, akitafsiri. Aliyeumia ameridhika, na ameacha kila dai dhidi ya mwenye lori na bima yake, leo na daima. "Tunaweza kuipinga," alisema, "kwamba alitia kidole bila kuelewa, akiwa na maumivu. Nani alimusomea?"

"Mimi," nikasema.

Akavua miwani. "Ingekuwa heri asingesomewa na muntu. Sasa batasema alisomewa na rafiki yake, tena mwandishi."

Tulipotoka nje, seremala aliniuliza bila hasira, "Papa, siku ile ulikuwa unakimbilia wapi?" Nilikuwa nakimbilia kuandika maneno ambayo leo mimi mwenyewe siyakumbuki. Tangu siku hiyo sijaweza kumlaani yule mwenye lori kwa moyo mkunjufu. Yeye alitaka mzigo ufike, mimi nilitaka safu ifike, na aliyekuwa njiani ni mtu mmoja yule yule.

Kesi tuliifungua. Iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Dereva alipata kazi nje ya nchi na simu yake haipatikani. Mfupa wa paja ukaoza, wakampasua mara ya pili na ya tatu, na Jumatatu akaondoka kabla hakimu hajamsikia hata mara moja. Wakili anasema mjane na watoto wanaweza kuendelea na madai, lakini shahidi aliyebaki asiye wa familia ni mimi, na ushahidi wangu ndio unaompa nguvu mwenye lori. Baada ya maziko mjane aliniambia, "Papa, hakukuchukia. Alisemaka, ule rafiki yangu alisoma vile aliweza." Afadhali angenitukana. Majuto ni mjukuu, na wangu amekwisha kuota meno.

Sina faraja ya kuwapa, ninalo onyo tu. Ukiitwa kumsomea mtu asiyejua lugha ya karatasi, umeshika maisha yake; soma hadi nukta ya mwisho, hata mgeni asimame mpaka miguu imwume. Na atakayemletea majeruhi karatasi kitandani, mwambieni aiache, arudi baada ya wiki mbili. Akikataa kuiacha, mmekwisha kuisoma.