Tonge la Kumi na Mbili

Mvua za El Niño zilipokwisha, kijiji cha Ekalakala kilijaa mahindi, na nyuma ya mahindi wakaja panya. Kavata hakuwahi kuwaona wengi namna ile. Alikuwa ameshona suruali katika kiwanda cha nguo za kuuzwa nje, EPZ Athi River, miaka sita, kisha akarudi nyumbani na kununua mashine ya kusaga unga. Sasa panya walitoboa magunia ya wateja na kutafuna mkanda wa mashine, na kila asubuhi alifagia mavi yao upesi kabla mtu hajaingia.

Afisa wa afya alipopita, alichungulia nyuma ya magunia.

"Mama, nitarudi baada ya wiki mbili," alisema. "Nikipata hii uchafu tena, nafunga."

Alimwambia ainue magunia juu ya mbao, ayatenge na ukuta, azibe mashimo kwa waya na simiti. Kavata aliona hiyo ni kazi ya siku nyingi. Siku ya soko akanunua pakiti ya sumu kwa mchuuzi. Jioni aliichanganya na ugali, ugali ukageuka rangi ya kijani, akafinyanga matonge kumi na mawili. Kumi na moja aliyapanga chini ukutani. La mwisho aliliweka juu ya boriti, panya walikozoea kukimbilia.

Asubuhi aliokota yale ya chini, mengine mazima, mengine yameng'atwa, akayachoma moto pamoja na pakiti ya sumu. Alikuwa angali ananawa mikono mteja wake Mbula alipofika na debe la mahindi. Mbula alikuwa na haraka. Mama mkwe wake, mzee Ndunge, hakuwa amekula tangu jana na unga ulikuwa umeisha nyumbani. Kavata akawasha mashine, akasaga, Mbula akajitwika unga wake na kwenda.

Alizima mashine, akafagia nje, na karibu saa moja baadaye, kabla mteja mwingine hajaja, ndipo alipoona alama ya kijani kwenye ukingo wa mdomo wa mashine, kama kidole kilichopaka rangi. Akainua macho. Boriti ilikuwa imenyooka moja kwa moja juu ya mdomo ule, na haikuwa na kitu.

Alipanda kwenye gunia akapapasa boriti yote kwa mkono. Alipiga magoti akatafuta sakafuni, chini ya mashine, katikati ya magunia. Hakuna. Kitambaa cha kufutia kilikuwa begani. Angeweza kuifuta ile alama, na hakuna mtu duniani angejua. Akakitupa kitambaa chini. Akaacha mlango wazi, akakimbia.

Josphat, mwenye duka la jirani, alimwita, "Mama, kuna nini?" Alimpita mbio. Kwa Mbula ni mwendo wa dakika ishirini, kupita korongo lililochimbwa na mvua. Njiani aliomba jambo moja tu, kwamba kuni ziwe mbichi na moto uwe umekataa kuwaka.

Moto ulikuwa umewaka. Mzee Ndunge alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha uji mkononi, kimebaki nusu. Kavata alikipokonya bila salamu.

"Wee Kavata, ni nini?" Mbula alitoka jikoni na mwiko.

"Hiyo unga iko na sumu ya panya. Ilianguka kwa mashine. Ni mimi niliweka."

Mbula alimtazama kana kwamba hakusikia. "Watoto wameenda shule bila kunywa," alisema polepole. "Ni yeye tu amekunywa."

Mzee Ndunge alijipangusa midomo. "Lakini mimi sisikii uchungu wowote," alisema, nao wakamwinua kumpeleka zahanati hata hivyo.

Kwenye zahanati, muuguzi aliuliza pakiti iko wapi. Kavata alirudi mbio kuitafuta kwenye majivu, akaipata imeungua upande mmoja. Muuguzi alisoma maandishi yaliyobaki.

"Hii haiui leo," alisema. "Inazuia damu kuganda. Mtu anakaa mzima siku mbili, tatu, halafu anaanza kutoka damu. Mpelekeni hospitali ya Matuu sasa hivi."

Hospitalini mzee alianzishiwa sindano za kusaidia damu kuganda. Siku ya kwanza alicheka na wauguzi. Siku ya pili pia. Kavata alikaa kando ya kitanda akimwangalia fizi kila alipofungua kinywa. Mbula alikaa upande wa pili na hakumsemesha.

Siku ya tatu habari zilikuja kutoka nyumbani. Kuku wanne waliodonoa unga uliomwagwa uani walikuwa wamekufa, damu puani. Mbula alisikia, akafunika uso kwa leso. Jioni ile pua ya mzee Ndunge ilianza kuvuja. Damu haikuwa nyingi, ila ilikataa kukauka. Iliteremka mdomoni, ikalowesha kitambaa kimoja, kisha kingine. Daktari aliongeza sindano. Kavata alishika beseni.

Ikakauka asubuhi. Baada ya wiki moja na nusu mzee aliruhusiwa, amekonda, anadai muthokoi, mahindi yake ya kukobolewa. Daktari aliwaambia kwamba kama wangengoja hadi damu ianze, bila kujua sababu, pengine wasingemwahi.

Wiki mbili za afisa zilipokwisha alikuta mlango umefungwa, na mashine ikakaa kimya miezi miwili. Kavata aliifungua yote akaiosha, akaziba mashimo, akainua magunia juu ya mbao, akatandaza wavu wa waya chini ya paa kuzuia panya na kununua mitego ya chuma. Afisa aliporudi tena, Kavata alimwonyesha kila kona na kumweleza kila kitu, hata lile tonge. Alimsikiliza hadi mwisho, akaandika, akamruhusu kufungua.

Wateja wengi walikuwa wamehamia kwingine. Wengine hadi leo hupita mbele ya mlango wake na debe kichwani bila kugeuka. Mbula alirudi wakati wa mavuno yaliyofuata. Aliweka debe chini, akaingia ndani, akainua shingo na kutazama boriti kwa muda mrefu. Kavata alimsubiri.

"Saga," Mbula alisema.