Mtutu Mrefu wa Bi Mwanahija

Bi Mwanahija wa Unguja alikuwa mtu wa dua nyingi na maneno machache, na biashara yake ilikuwa vitu vya Idi vya watoto. Mwaka ule wa tisini na nane alifika Guangzhou, Uchina, mwezi wa Rajabu, akapanga chumba mtaa wa Xiaobei, ili mzigo uwahi meli na sikukuu imkute nao dukani. Begini hakosi kanzu ya mjukuu wake Ameir. Kila kitu cha mtoto alikipimia hiyo.

Safari hii alitaka bastola za bandia, zile rivolva zenye kiduara cha risasi kinachozunguka. Kwa laoban, ndivyo wanavyomwita mwenye duka huko, zilikuwepo za namna mbili: za mtutu mfupi wa vidole vinne, na za mtutu mrefu wa shibiri nzima. Alizishika nusu siku. Ile ndefu ilimkaa mkononi, kiduara kikizungushwa kinalia kekeke, tena inang'aa. Akaipenda. Akaagiza katoni arubaini, na bastola moja akaondoka nayo ya mfano.

Kesho yake adhuhuri, alipokwisha kuswali, alikuwa akikunja kanzu ya Ameir, akaitia ile bastola mfukoni, kwa kuchezea tu. Mtutu ukavuta, mfuko ukafumuka uzi, bastola ikaanguka sakafuni.

Bi Mwanahija akakaa kitako kitandani. Ilimjia Idi iliyopita. Mwaka ule pia aliuza mitutu mirefu, na mtoto mmoja aliyekuwa akikimbia na bastola mkononi akamchoma Muzdalifa, binti wa jirani, juu ya jicho. Kovu lipo kwenye unyusi mpaka leo. Kila mtu alisema ni utundu wa mtoto. Kumbe mtoto yule angeitia wapi? Mfuko wa kanzu hauichukui. Na kutoka kwenye unyusi mpaka kwenye jicho ni upana wa kidole tu.

Alijitupia mtandio, akatoka mbio kadiri umri ulivyomruhusu, mpaka ghalani zilikopelekwa katoni zake. Gharib, wakala wa mizigo, mtu wa Dar es Salaam mwenye kitambi chake, alikuwa mlangoni akichokonoa meno.

"Shikamoo, Bi Mwanahija."

"Marahaba. Katoni zangu zimeshapakiwa?"

"Gari la bandarini limekuja tangu saa nne."

Akamsogelea. "Nakuuliza, zimeshapakiwa?"

"Zipakiwe na nani? Tazama mwenyewe."

Wapakiaji wanne walikuwa wamelala juu ya katoni zake, viatu wamevua, mmoja kajifunika gazeti. Kila adhuhuri watu wale wakishakula hulala, na safari zote Bi Mwanahija alikuwa akiwanung'unikia: hawa wameumwa na mbung'o. Leo alisimama akawatazama kama anayetazama wanawe.

"Alhamdulillahi," alisema. "Waache, baba. Usiwaamshe."

"Leo umewahurumia?"

"Nataka kubadilisha. Nataka za mtutu mfupi."

Gharib akacheka. "Jana umechagua nusu siku kama mtu anayeposa. Leo ushatoa talaka?"

"Bibi harusi hajaingia ndani. Haina hata eda. Nipeleke kwa laoban."

Laoban, mama mnene mwenye kalamu sikioni, alisema meiyou, hakuna; zile fupi kamwekea mteja mwingine. Bi Mwanahija hakubishana. Alitandaza kanzu juu ya meza, akatia ndefu kwenye mfuko uliofumuka, ikaanguka. Akatia fupi kwenye mfuko wa pili, ikatulia mpaka kwenye mpini. Kisha akagusa unyusi wake kwa kidole, akakiteremsha taratibu mpaka kwenye jicho. Yule mama akaguna. Akaenda kufungua mlango wa nyuma, na katoni za fupi zilikuwa zimepangwa mpaka darini.

Saa nane wapakiaji waliamka, wakapakia mitutu mifupi, wakashangaa kuletewa chai na bibi ambaye siku zote aliwanunia.

Alasiri Bi Mwanahija alishona mfuko wa Ameir. Ile ndefu ya mfano hakuirudisha. Alikuwa bado anaipenda, afanyeje. Aliizungusha mara moja, kekeke, akaifunga katika leso, akaisukuma chini kabisa ya begi, mkono wa mtoto usikofika.